Undugu na mshahara wa dada wa kazi

Binti anashuka kwenye basi la Singida pale stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, akiwa na shangazi yake na begi moja. Jioni wanafika kwa mwenye nyumba na kukaribishwa chai. Shangazi na mama mwenye nyumba wanaulizana habari za nyumbani, mvua, wazee. Mshahara unatajwa mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, wao kwa wao. Binti ameketi pembeni anaangalia sakafu, na hakuna anayemuuliza neno. Shangazi anaaga: "Huyu sasa ni mwanao." Mama anaitikia: "Atakaa hapa kama kwao."

Naamini wote wawili wanasema hivyo kwa moyo mweupe. Mjadala wa wafanyakazi wa nyumbani huharibika mapema pale tunapodhani kila mwajiri ni mnyanyasaji. Mzazi aliyeko kijijini hahesabu kwamba binti yake ameajiriwa. Kwake, amempeleka kwa watu. Anachouliza kwanza ni kama huyo mama ana utu, kama kuna wanaume wasumbufu nyumbani, kama mtoto atashiba. Saa za kazi hazimo katika maswali yake.

Na malezi hayo yapo kweli. Dada akipandwa na homa usiku, anayemkimbiza hospitali na kulipia dawa ni mwenye nyumba, maana bima hana. Wapo walionunuliwa cherehani na kulipiwa ada ya ufundi. Wapo walioolewa wakitokea nyumba hizo, na mama mwenye nyumba ndiye aliyekaa kwenye vikao vya harusi kama mzazi. Hakuna mkataba unaomlazimisha mwajiri kufanya hayo. Ndiyo maana ukimshauri mama wa namna hiyo aandikishane na dada, anaumia. Kwetu watu huandikishana kwenye kiwanja na mkopo. Ndani ya nyumba, karatasi ni dalili kwamba watu hawaaminiani tena.

Wanaotetea mkataba nao wasidhani karatasi inatosha. Mwanamke wa Kitanzania au Mkenya anayekwenda kufanya kazi za ndani Oman anaondoka na mkataba uliosainiwa, lakini kibali chake cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na akiteswa hana shangazi wa kumpigia hodi. Mtu wa kuja kukuulizia ni kinga kubwa.

Hata hivyo, undugu huu wa dada wa kazi una kasoro ambayo hatupendi kuitazama. Anapewa wajibu wote wa binti mkubwa wa nyumba: kuamka saa kumi na moja, kuandaa watoto wa shule, kufua, kupika, kulala wa mwisho. Haki za binti mkubwa hapewi. Anakula jikoni baada ya wengine. Hawezi kununa wala kusema leo nimechoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 kwa wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka, na katika nyumba nyingi hata kulitaja jambo hilo huonekana utovu wa shukrani.

Fedha ndiyo inayoonyesha mambo wazi zaidi. "Mshahara wake namtunzia mimi, asije akachezea." Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wazuri, wacha Mungu, wasio na nia ya kumdhulumu mtu. Lakini miezi inapita, ada za watoto wa nyumba zinafika, akiba ya dada inakopwa bila yeye kuambiwa, na siku anayotaka kuondoka fedha haipo. Mara nyingi hana hata laini yake ya simu, kwa kuwa kusajili laini kunataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na yeye hajaipata. Hata shilingi anayotuma kwa mama yake inapita mkononi mwa bosi.

Serikali yenyewe haikukwepa mtazamo huo. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2013 iliweka Sh80,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyelala kwa mwajiri, na Sh40,000 kwa anayelala hapo. Amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilipandisha hadi Sh120,000 na Sh60,000. Chakula na mkeka vimehesabiwa nusu ya ujira, mara zote mbili. Ila anayelala kwa mwajiri ndiye anayeitwa usiku mtoto akilia. Kwa hesabu yangu alipaswa kulipwa kwa saa hizo, na sheria imeona ni yeye anayefadhiliwa.

Tukisema huu ni utamaduni wetu tangu zamani, historia inakataa. Zama za ukoloni, wapishi na maboi wa Dar es Salaam walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa, wakipokea mshahara mkononi, na hakuna aliyewaita watoto wa nyumba. Kazi ilipohamia kwa wasichana ndipo ilipoanza kuonekana kama msaada tu, kwa sababu mapishi na malezi ya mwanamke hatukuyahesabu kuwa kazi hata kwa mama mwenye nyumba mwenyewe.

Na huyo mama ananigusa pia. Likizo ya uzazi ni siku 84. Baada ya hapo mwalimu anarudi darasani, muuguzi zamu, mama ntilie jikoni kwake alfajiri. Vituo vya kulelea watoto vya bei anayoiweza ni vichache. Analipwa kidogo, naye analipa kidogo zaidi. Ukimdai alipe ujira kamili leo, wengi watamrudisha binti kijijini, au watachukua mdogo zaidi na kusema ni mtoto wa ndugu. Hapo sina suluhu. Hata aliye chini ya miaka 14, ambaye sheria hiyo ya 2004 inakataza kumwajiri, huingia nyumbani kwa mlango huo huo wa undugu.

Kwa hiyo simwombi mtu auvunje undugu. Naomba mambo manne ambayo mwenye kipato kidogo anayaweza: binti aulizwe mwenyewe kuhusu mshahara, fedha imfikie mkononi kila mwezi, asaidiwe kupata namba ya NIDA na laini yake mara umri ukifika, na Jumapili iwe yake. Kuhusu mkataba, shangazi ashuhudie na abaki na nakala, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa kijijini mambo yakiharibika. Vituo vya kulelea watoto ni deni la halmashauri na la waajiri wakubwa, na mpaka sasa wanaolilipa ni wasichana hawa.