Puse 55 na Mama Mkwe

Televisheni yetu, ile tele ya chogo, ilikata roho Jumatano, tarehe 24 Januari 2024, Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, wakicheza na Tanzania kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Mechi iliisha 0-0. Mama Plamedi anasema haikufa kwa ugonjwa, ilikufa kwa uchovu: sare na Zambia 1-1, sare na Moroko 1-1, na sasa hii tena. Hata chuma kina moyo. Ilitoa harufu ya waya unaoungua, picha ikajikunja mpaka ikawa nukta moja nyeupe katikati ya kioo, nukta ikatuangalia kidogo, ikaenda zake.

Ajabu ni kwamba kwa sare hizo tatu tulikuwa tumepita hatua ya makundi. Jumapili tunakutana na Misri, saa nne usiku kwa saa za Lubumbashi. Nilikuwa na siku tatu za kununua tele.

Nijitetee mapema. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimefundisha Pythagoras miaka kumi na sita hapa Katuba, na kuna vijana wanaoendesha magari makubwa ya migodini leo ambao walianza kwa kulia mbele ya ubao wangu. Kwa hiyo jioni ile, familia ilipokaa kikao, nilitegemea kusikilizwa. Mama Plamedi alitaka puse (inchi) 32, pesa zinazobaki ziende kwenye karo. Plamedi, ambaye ana miaka kumi na miwili na anajua kila kitu, alitaka yenye intaneti. Shemeji yangu Djo, ambaye hachangii hata chumvi ya bukari (ugali), alitaka puse 75.

Hapo mama mkwe, aliyekuwa ametoka Likasi kututembelea, akamwuliza Plamedi puse ni nini.

"Kambo, ni Kifaransa. Ni kidole gumba."

Kambo, yaani bibi, akahesabu kimyakimya. "Vidole gumba sabini na tano. Hao ni watu thelathini na saba na mmoja aliyekatwa mkono. Wote hao mtawaweka saloni?"

Nilitamani kucheka lakini sikuweza, na hapa lazima nieleze jambo ambalo bila hilo hadithi hii haina maana. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Simtazami usoni. Sili mbele yake. Simshiki mkono. Kubaki naye peke yetu chumbani, hilo halitajwi. Kwa miaka kumi na mmoja tumezungumza kupitia watoto: "Plamedi, mwambie Kambo chai iko tayari," na Kambo mwenyewe amekaa mita moja kutoka hapo, anasikia vizuri kuniliko. Akija kwetu anachukua kistuli chake anakiweka pembeni, sambamba na tele, ili uso wake usikutane na wangu. Kiweke akilini hicho kistuli.

Ijumaa nikaenda mjini. Dukani kulikuwa na ukuta mzima wa tele, zote zinaonyesha kasuku wale wale na matunda yale yale yanayokatwa polepole na kisu kisicho na mkono. Rangi zilikuwa kali mpaka nikahisi jino la nyuma linauma. Kijana muuzaji, amevaa tai, akaanza: hii LED, hii QLED, hii OLED. Nilimzuia. Nilikuwa nimesoma usiku kucha kwenye simu. LED ina taa nyuma ya kioo. OLED kila nukta inajiwashia yenyewe, kwa hiyo cheusi chake ni cheusi kweli, na ukikaa pembeni bado unaona vizuri. QLED jina lake limefanana na la OLED kama majirani wawili wanaoitwa Kabamba, lakini undugu hakuna, nayo ni taa nyuma ya kioo. Kijana akakubali. Nikauliza bei ya OLED. Akaniambia. Tukarudi wote wawili kwenye LED bila mtu kumlaumu mwenzake.

Sasa ukubwa. Akasema 55 itafaa. Nikatoa karatasi. Puse moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo 55 ni sentimita 139.7, lakini hicho ni kipimo cha mshazari, kutoka kona hadi kona, na hapa ndipo watu wengi wanaibiwa. Kioo kina uwiano wa 16 kwa 9. Mraba wa 16 ni 256, wa 9 ni 81, jumla 337, tafuta kipeuo cha pili. Nikapata upana sentimita 121.8 na kimo 68.5. Kutoka kochi letu hadi ukutani ni mita 2.4. Safi kabisa! Nilipoanza kuzidisha 3840 kwa 2160 nimwonyeshe kwamba 4K ni nukta milioni nane na zaidi, wateja wawili wakawa wamesogea kusikiliza, na mmoja akaniuliza kama nafundisha jioni.

Nikalipa dola 480, pamoja na stabilizateri, maana umeme wetu unapanda na kushuka kama mtu anayejaribu viatu. Ubishi wa bei niliusahau kwa sababu ya ufahari.

Kijana akasema jambo moja nikiwa mlangoni. "Muzee, meza yako ina upana gani?"

"Sentimita tisini na tano. Itazidi kidogo kila upande. Haina shida."

Akafungua mdomo, akaufunga. Mpaka leo namlaumu kwa kuufunga.

Tele za siku hizi hazina mguu mmoja katikati. Zina miguu miwili, na hiyo miguu, kwa sababu anayoijua aliyeibuni, iko mwishoni kabisa, huku mmoja na kule mmoja. Yangu ilikuwa na sentimita 108 kati ya mguu na mguu. Meza tisini na tano. Tuliishika mimi na Djo juu ya meza, miguu inaning'inia pande zote mbili kama ya mtoto aliyepandishwa punda, na Mama Plamedi akauliza kwa sauti ya upole, ile ninayoiogopa, "Pythagoras hakusema chochote kuhusu miguu?"

Seremala alisema wiki moja. Ukutani hatukuthubutu, ukuta wetu ukiutoboa kwa ajili ya kalenda unatoa mchanga mpaka jioni. Basi jirani mwenye nganda, yaani baa, akatuazima makreti sita ya bia ya Simba, sisi tunayaita kazie, yamejaa chupa tupu. Tukapanga mafungu matatu, kushoto, katikati na kulia, kila fungu kazie mbili, juu yake ubao, juu ya ubao tele. Ilisimama kama mlima. Tatizo lilikuwa moja: mama mkwe ni mtu wa kanisa, na pombe kwake si mzaha. Mama Plamedi akatandika kitenge kikubwa kutoka juu ya ubao hadi sakafuni. Kambo akapita, akakishika, akasema mbele ya Plamedi kwamba meza mpya ni nzuri, na baba yako ni mtu wa kujitahidi.

Nilitoka nje.

Siku mbili za kwanza watangazaji wote walikuwa na nyuso za rangi ya chungwa, na kila baada ya muda maneno makubwa yanapita juu ya picha kutusifia tele tuliyokwisha kuinunua. Nikataka kuirudisha. Plamedi akachukua rimoti, akaingia mahali fulani, akabadilisha "dukani" kuwa "nyumbani". Ikapona. Sikumshukuru, nilimwuliza kama amemaliza kazi ya shule.

Jumapili usiku nyumba ilijaa. Wanawake na watoto saloni. Wanaume tunaingia na kutoka, kwa sababu uani kulikuwa na "chai" kwenye vikombe vya plastiki. Kambo juu ya kistuli chake, pembeni mwa tele, upande wa kulia. Nusu saa ya kwanza nikasikia anamwuliza Plamedi kwa nini timu zote mbili zimevaa kijivu. Nikapigwa na aibu. Ile LED ukiitazama kwa ubavu rangi zinafifia. Mwalimu wa pembe nilikuwa nimesahau pembe.

Elia akafunga. Tukapiga kelele mpaka taa ikacheza. Misri wakasawazisha kwa penalti kabla ya mapumziko, 1-1, na kipindi cha pili kikaisha hivyo hivyo. Kabla ya dakika za nyongeza wote tukatoka uani kupata hewa, na chai ikawa imekwisha.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Djo alikwenda depo. Depo wakamwambia kama kawaida: bila kazie na chupa tupu hakuna bia. Djo akarudi, akafikiri, na kwa bahati mbaya akafikiri mpaka mwisho. Akaingia saloni kukiwa hakuna mtu, akainua kitenge, akainua ubao kwa bega, akachomoa kazie ya juu ya fungu la kulia. Hakuwa mjinga kabisa, naomba ieleweke. Aliweka kitu badala yake. Aliweka ndoo ya plastiki, ameigeuza kichwa chini. Ile ndoo yenye ufa, ambayo kila mtu nyumbani anaijua isipokuwa yeye, kwa sababu hajawahi kuchota maji.

Dakika za nyongeza uwanja ulianza kuinama. Kidogo tu. Mjomba mmoja akasema huenda San Pédro iko mlimani. Mwingine akasema ni kamera. Mmisri mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu na ikaonekana kama ameteremka.

Penalti. Moja baada ya nyingine, zao, zetu, hakuna anayepumua. Zilipofika za tano tano nikasikia sauti chini ya kitenge: *krrk*. Nikaona kona ya kulia ya tele inashuka polepole, kwa adabu, kama mzee anayekaa.

Niliruka. Lakini kuna mtu aliyekuwa karibu kuniliko. Mama mkwe alikuwa ameinuka kwenye kistuli na kuikumbatia tele kwa mikono yote miwili, upande wake. Mimi nikaidaka upande wangu. Ndoo ikapasuka kabisa. Ubao ukaanguka, na tukabaki hivyo, mimi na mama mkwe, tumesimama, tele iko kati yetu, bado inawaka, bado inatangaza, kilo kumi na tano za dola 480, na uso wake uko kiganja kimoja kutoka kwangu juu ya kile kioo.

Nikatazama dari. Yeye akatazama sakafu.

"Msaidieni!" nikasema. Hakuna aliyetusikia. Watu wote saloni walikuwa wanatutazama, lakini walikuwa hawatuoni; walikuwa wanaona kilichokuwa tumboni mwetu. Sisi wawili tuliokuwa tumeishika tele ndio watu pekee Lubumbashi nzima tusioiona. Mechi tuliifuata kwenye nyuso zao. Macho yakikua: anakimbia. Mikono kichwani: Misri wamefunga. Meno: tumefunga. Shangazi mmoja alikuwa anasali na jicho moja wazi, huyo ndiye aliyekuwa sahihi kuliko mtangazaji.

Kisha nyuso zote zikashika kitu nisichowahi kukiona, kati ya kicheko na kilio.

"Plamedi," Kambo akasema, "mwulize baba yako kuna nini."

Plamedi hakujibu. Kambo akasubiri. Akahema. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akaniuliza mwenyewe:

"Baba Plamedi, nani anapiga?"

"Golikipa, Mama," nikaiambia dari. "Wa kwao, Gabaski, amegonga mwamba. Sasa ni golikipa wetu, Mpasi. Akifunga tumepita."

"Golikipa? Wengine wamekwenda wapi?"

Sikuwahi kujibu. Saloni ililipuka. 8-7. Watu wakakanyagana kutoka nje, viti vikaanguka, Katuba nzima ilikuwa inapiga masufuria na honi, mbwa wanalia, na Djo alikuwa wa kwanza mlangoni. Wakatoka wote. Wote kabisa, mpaka mtoto wa mwisho.

Tukabaki mimi, mama mkwe, na tele.

Hatukuweza kuiweka chini. Ukiiacha wewe inanivunja mimi. Niliita Mama Plamedi mara tatu. Nilimsikia huko barabarani anaimba.

Na umeme ukakatika.

Giza lilikuwa zito, la kushikika. Nikasikia pumzi yake. Nikasikia kitenge kinateleza taratibu kutoka juu ya ubao ulioanguka na kushuka sakafuni. Mtu akapita nje na tochi ya simu, mwanga ukaingia dirishani, ukapita juu ya ukuta, juu ya mikono yetu, ukashuka miguuni petu na kutulia hapo muda wa kutosha.

"Baba Plamedi."

"Ndiyo, Mama."

"Hizi chupa ni za nini?"