Kabla Hujamwaga Petroli, Angalia Saa

Kwa wiki nzima nilikaa na lita 35 za petroli kwenye stoo ya nyumba, ndani ya madumu mawili ya manjano. Watoto nimewapiga marufuku kusogea, mke wangu ameninunia kwa sababu ya harufu. Nilikuwa naziita ushahidi.

Ilianzia kwenye sheli moja ya Morogoro Road, nikielekea Chalinze. Pampu ilipokata, kijana akaniuliza, "Nimalizie, kaka? Naona bado inaingia." Nikamwambia amalizie, na mwenyewe nikashuka kuitikisa gari kwa kiuno, kama tunavyofanya wengi, ili nusu lita nyingine ipate pa kukaa. Kuja kuwasha, stata inazunguka, injini haishiki. Mara ya tatu ikashika kwa shida, inatetemeka kama mashine ya kusaga, mshale wa mzunguko unashuka hadi 400 na harufu ya petroli mbichi imejaa ndani. Nikakanyaga mafuta kama dakika moja, ikatulia. Hadi Chalinze na kurudi, haikukohoa tena.

Nilimtukana yule kijana moyoni njia nzima. Tuna sababu ya kuwa hivyo. Neno kuchakachua tulilizoea kwenye mafuta, likaja kuhamia kwenye kura mwaka 2010. Mwaka huohuo ndipo EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia nishati na maji, ilipoanza kutia vinasaba kwenye mafuta, yaani alama ya kemikali ya kuyatambua yaliyo halali, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake isimtamanishe mtu kuyachanganya na dizeli au petroli. Wenzetu Kenya nao waliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo gari ikikohoa baada ya sheli, hukumu tunakuwa nayo tayari mfukoni.

Fundi wangu naye alikuwa nayo. "Hayo mafuta machafu, bosi. Tushushe tenki." Tukashusha, petroli tukaimimina kwenye yale madumu mawili, huku hatua kumi tu kutoka pale mtu anachomelea bampa. Mungu alitusitiri. Nikabadilishiwa plagi 4 na filta, nikalipa. Kesho yake nikaenda sheli nyingine kabisa, nikajaza hadi juu, nikawasha. Mtetemeko uleule, dakika moja ileile.

Hapo ndipo nilipompata fundi wa pili, mzee mmoja asiye na haraka, ambaye hata boneti hakuifungua kwanza. Aliniuliza maswali mawili tu: ilianza baada ya muda gani, na ikishatulia huwa inarudia njiani?

Maswali hayo mawili ndiyo ninayoyaandikia makala hii, maana sikumbuki fundi mwingine aliyewahi kuniuliza. Mafuta mabaya hayafanyi kazi sekunde ileile. Kwenye mipira na kwenye reli ya nozeli kuna mafuta ya zamani, injini inaanza kula hayo. Mara nyingi utatoka sheli vizuri, uende kidogo, ndipo ianze kumisi, yaani silinda kukosa kuchoma mafuta sawasawa. Na ikianza haitulii, kwa sababu kila tone linalofuata ni lilelile. Tena inamisi silinda zote, si moja. Ukipimiwa kwa mashine ikaleta namba ya hitilafu P0300, silinda zinamisi ovyo ovyo, hapo mafuta ni mshukiwa halali. Ikileta P0303, ni silinda ya 3 peke yake. Angalia koili na plagi yake, maana petroli chafu haichagui silinda.

Yangu ilikuwa inaugua wakati wa kuwasha tu, ikipona yenyewe. Mzee akachomoa mpira mmoja mwembamba unaotoka nyuma kwenye tenki kuja kwenye vali ndogo ya umeme juu ya injini. Injini ya baridi, iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. "Weka kidole hapo kwenye vali." Nikaweka, kikanyonywa. "Haitakiwi inyonye sasa hivi," akasema.

Tenki hutoa mvuke, na mvuke huo hauachwi uende hewani. Unahifadhiwa kwenye mkebe wenye makaa maalumu, halafu injini ikishapata moto, vali ile inafunguka kidogo kidogo ili uchomwe. Yangu ilikuwa imechoka, iko wazi muda wote. Nikijaza, petroli inayoingia inausukuma mvuke wote mbele, na nikiwasha injini inaumeza kwa mkupuo, inalewa. Na kule kutikisa gari baada ya pampu kukata? Petroli yenyewe inaweza kufika kwenye mkebe, makaa yakaloa. Nilikuwa nauharibu kwa kiuno changu.

Sisemi sheli zote ni malaika. Maji huingia kwenye matenki ya ardhini, hasa masika, na maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ambako pampu ya gari inanyonya. Wewe unayetembea na taa ya mafuta imewaka, ukiweka ya shilingi 10,000 kila siku, maji kidogo tu yanakutosha kulala njiani. Ukishuku, chota kwenye chupa ya kioo, iache itulie: maji utayaona yamejitenga chini. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi, iliyochanganywa na dizeli huacha doa la mafuta. Risiti itunze, bila hiyo huna kesi. Na ukigundua umewekewa dizeli kwenye gari ya petroli, au kinyume chake, usiwashe kabisa, sukuma gari pembeni.

Vali niliipata ya mtumba mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Jioni ile nikatoa madumu stoo, nikachota kidogo kwenye chupa ya kioo, nikaiacha hadi asubuhi. Hakuna mstari wowote. Nikairudisha petroli yote kwenye tenki, na gari ikanipeleka kazini siku tano.