Waliuona Mchezo, Wakauita Harambee

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Watu wawili wasiojuana wanawekewa fungu la fedha. Mmoja anapendekeza mgawo. Mwenzake akikubali, kila mtu anachukua chake, akikataa, wote wanaondoka mikono mitupu. Mwanauchumi Werner Güth na wenzake walichapisha matokeo yake ya Ujerumani mwaka 1982. Nadharia ya uchumi ilidai mpokeaji atachukua hata senti, kwani senti ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Wapi! Waliopewa kidogo mno mara nyingi walikataa.

Wengi wakahitimisha kwamba binadamu ndivyo alivyo. Mimi nauliza: binadamu yupi?

Mwanaanthropolojia Joseph Henrich alipoupeleka mchezo huo kwa Wamachiguenga wa Peru, wagawaji walitoa wastani wa asilimia 26 tu, na karibu wote waliopewa walipokea. Kwa Walamalera wa Indonesia, wanaowinda nyangumi kwa ushirikiano, wastani ulifika asilimia 58. Waau na Wagnau wa Papua New Guinea mara nyingine walikataa hata walipopewa zaidi ya nusu. Utadhani hawajui hesabu. Kumbe kwao zawadi ambayo hukuiomba ni deni, na ukishaipokea uko chini ya aliyekupa. Hesabu yao imekamilika. Ni mtafiti aliyeacha safu moja nje ya daftari.

Lakini wanaonigusa zaidi ni Waorma wa Kenya. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliwaeleza mchezo mwingine: kila mmoja atie chochote katika mfuko wa pamoja, kilichotiwa kiongezwe maradufu, kisha kigawanywe sawa kwa wote. Wakautambua palepale: hii ni harambee! Nao wakachanga kwa moyo. Neno moja walilolizoea liliwaelekeza kuliko maelezo yote ya mtafiti.

Tena tofauti haiko baina ya jamii tu. Urs Fischbacher, Simon Gächter na Ernst Fehr, katika utafiti wao wa 2001 huko Uswisi kuhusu mchezo kama huo wa mfuko wa pamoja, walikuta takriban nusu ya washiriki wako tayari kuchanga iwapo wenzao wanachanga, na karibu thuluthi hawatoi kitu hata wenzao watoe vipi. Waweke hao meza moja, raundi baada ya raundi. Wa kwanza anatoa, anatazama, anaona mwenzake ameketi tu. Raundi inayofuata anapunguza. Mfuko unanywea taratibu, na hakuna hata mmoja aliyebadilika tabia.