Mbwa akijikuna, usikimbilie sumu

Kuna tabia moja inanikera sana na leo naisema wazi: mbwa akianza kujikuna, cha kwanza kutafutwa ni dawa ya kuua wadudu, na cha mwisho ni sababu ya mwasho. Wanaofanya hivi si wakatili hata kidogo. Wanawapenda mbwa wao, wamechoka kuwasikia wakijing'ata usiku kucha, na wanataka mateso yaishe leo leo. Ila huruma ikikosa subira humpa mbwa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na wakati mwingine huo wa pili ndio unaomuua.

Ngozi ya mbwa haina njia nyingi za kulalamika. Awe ameumwa na kiroboto, chakula kimemkataa, ana mzio wa chavua, ameshikwa na upele au amemwagiwa sumu, utaona yale yale: wekundu, vipele, manyoya kunyonyoka, na tatizo likikaa muda mrefu ngozi hugeuka nene na nyeusi. Akijikuna hadi akajichubua, bakteria na fangasi nao huingia, na hapo huanza ile harufu nzito ya masikioni na kwapani ambayo haitoki hata umwogeshe mara ngapi.

Kwa hiyo angalia mahali anapowashwa. Anayejing'ata mgongoni karibu na shina la mkia na nyuma ya mapaja, mshuku kiroboto. Anayelamba nyayo mpaka manyoya meupe yakawa ya kahawia kwa mate, anayesugua uso kwenye zulia na kuugua masikio kila mara, huyo huenda ana mzio wa chavua, ukungu au utitiri wa vumbini, hasa ikiwa tatizo lilimwanza akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 3. Anayewashwa kupita kiasi kwenye kingo za masikio na viwiko, na watu wa nyumbani nao wameanza kutokwa na vipele, apelekwe akapimwe upele bila kuchelewa, maana vimelea vyake huwapata na watu. Vidonda vyenye magamba ya damu kwenye ncha za masikio mara nyingi ni kazi ya nzi wanaouma.

Nikae kidogo kwenye viroboto, kwa sababu hapa ndipo ubishi ulipo. "Wangu hana viroboto, nimemkagua mwenyewe," watu husema. Mbwa mwenye mzio hahitaji viroboto wengi. Kinachomtesa ni protini zilizomo kwenye mate ya kiroboto, na kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha kwa siku nyingi, hata kama kiroboto mwenyewe alishakufa. Tena kwa jinsi anavyojilamba na kujing'ata, huwameza wengi wao, ndiyo maana mwenye mzio mkali zaidi anaweza kukaguliwa na asikutwe na hata mmoja. Chukua chanuo lenye meno yaliyobanana, mchane mgongoni karibu na mkia, kisha kung'uta kile kilichonaswa juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Mchanga utabaki ulivyo. Kinyesi cha kiroboto kitaanza kuchuja, na kila chembe nyeusi itazungukwa na duara la rangi nyekundu ya kutu. Hiyo ni damu ya mbwa wako iliyopita tumboni mwa mdudu.

Na hao walio mwilini ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Inakadiriwa kwamba viroboto wazima juu ya mnyama ni kama asilimia 5 ya wote waliomo katika nyumba iliyovamiwa. Asilimia 95 ni mayai, mabuu na pupa waliojificha kwenye matandiko, nyufa za sakafu na mazulia. Pupa ndani ya kifukofuko chake anaweza kusubiri miezi kadhaa mpaka asikie joto na mtikisiko wa nyayo, na dawa nyingi hazimfikii. Anayempulizia mbwa dawa kali kila wiki huku tandiko lake halijafuliwa kwa maji ya moto, na wanyama wengine wa nyumbani hawajatibiwa, anamlisha mbwa sumu bure.

Nasema "anamlisha" kwa makusudi kabisa. Chochote unachompaka mbwa mahali anapofikia kwa ulimi, utakuwa umempa anywe. Ngozi yake nayo ni nyembamba kuliko ya binadamu, na ikishachubuka huwa mlango wazi. Sasa chukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ikorogwe kwa kukisia kwa macho, au dawa ya kunyunyizia mazao ambayo haikuwahi kutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya kiumbe chochote, imwagwe juu ya mbwa mwenye vidonda. Ikiwa ni ya kundi la organofosfeti au kabameti, yaani viua wadudu vinavyoshambulia mishipa ya fahamu, atatokwa na mate na machozi mfululizo, atakojoa ovyo, ataharisha, atatetemeka, kisha pumzi itaanza kumpa shida. Amitrazi, dawa ya kuua kupe na utitiri, ikizidi humlegeza mbwa akaonekana kama amelewa, mapigo ya moyo yakapungua na mwili ukapoa. Mafuta ya taa na oili chafu, ambavyo bado watu wanavipendekeza kwa upele, huunguza ngozi na kumdhuru zaidi akijilamba. Sioni utetezi wowote wa kumpaka mbwa vitu hivi.

Hata dawa halali za mbwa zinaweza kuleta mwasho. Baadhi ya zile za matone ya kuweka kati ya mabega, hasa zenye kiua wadudu kiitwacho permethrini, humfanya mbwa mwingine ajigaragaze, ngozi iwe inarukaruka pale pale zilipodondoshewa, agande na kugeuka nyuma kana kwamba ameguswa. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vaa glavu, mzuie asijilambe, na umpigie daktari wa mifugo. Kama nyumbani kuna paka, permethrini ya mbwa isimkaribie, kwani humletea degedege na inaweza kumuua.

Sisemi dawa zote ni adui. Vidonge vya kundi la isoksazolini, vilivyoanza kuingia sokoni mwaka 2013 na 2014, vimerahisisha sana vita dhidi ya viroboto, kupe na hata upele. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba kundi hili linaweza kusababisha mitetemeko na degedege kwa baadhi ya wanyama, lakini haikuliondoa sokoni. Mimi naona ni chaguo zuri kwa mbwa wengi, mradi daktari aambiwe mapema kama mbwa amewahi kupatwa na kifafa.

Kuhusu chakula nitasema machache. Kubadilisha chakula kila wiki hakuthibitishi lolote. Kipimo cha kuaminika ni kumlisha chakula kimoja chenye protini asiyowahi kula, bila kuonjeshwa kingine chochote, kwa wiki zisizopungua 8, kisha kumrudishia kile cha zamani uone kama mwasho unarudi. Ni kazi ngumu, na familia nzima lazima ishirikiane.

Kuna hali ambazo haraka inatakiwa kweli. Mbwa akiumwa na nyuki au nyigu, uso unaweza kuvimba na mabaka yaliyoinuka yakamjaa mwilini ndani ya dakika chache. Mwiba wa nyuki uondoe upesi, kwa njia yoyote, maana unaendelea kusukuma sumu. Akianza kutapika, kuharisha, kulegea au fizi zikawa nyeupe, usimpe chochote cha nyumbani. Mkimbize kwa daktari. Ibuprofeni na paracetamoli za watu zinaweza kumdhuru vibaya, na dawa za mafua zilizochanganywa na za mzio ni hatari vile vile.

Na ikiwa tayari amepakwa kitu chenye sumu, nenda nacho kwa daktari. Kopo, mfuko, hata kipande cha lebo kilichobaki. Wengi huficha kwa aibu, wakasema "ni ngozi tu", na daktari akabaki kubahatisha huku mnyama anatetemeka mezani. Sindano ya dawa iitwayo atropini huwaokoa wengi waliodhurika na organofosfeti. Kwa aliyezidiwa na amitrazi, sindano hiyo hiyo inaweza kumharibia zaidi.