Difu haina taa ya kukukumbusha

Muulize mwenye gari lini alimwaga oili ya injini, atakujibu papo hapo, na huenda akakuonyesha na kikaratasi alichobandikiwa. Muulize kuhusu ya difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Atanyamaza kidogo, kisha atasema, "Mbona haijawahi kuvuja?"

Hata mimi nilikuwa hivyo, mpaka nikanunua gari lililokwishatumika na baada ya miezi michache likaanza kulia kwa nyuma. Mlio mwembamba, unaanza ukifika kilomita 60 kwa saa, unapanda ukikanyaga mafuta, unabadilika ukiachia. Fundi alipofungua bolti ya chini ya difu, kilichotoka kilikuwa cheusi na kizito, chenye harufu ya kuungua. Ile sumaku iliyo kwenye ncha ya bolti ilikuwa imebeba vipande vya chuma vya kuhesabika. Kimoja kilikuwa ncha ya jino la gia. Hapo habari ya kubadili oili ilikuwa imepitwa na wakati. Ikabaki habari ya krauni (gia kubwa ya duara), pinioni (gia ndogo inayoizungusha), beringi na sili, pamoja na fundi anayejua kuzipanga upya kwa vipimo sahihi, na mafundi wa namna hiyo si wengi.

Kinachoniuma ni kwamba yote yale yangeweza kuzuilika kwa lita mbili tatu za oili.

Difu inaitesa oili kuliko watu wanavyodhani. Katika gia za hipoidi, ambazo ndizo zilizomo kwenye difu nyingi za nyuma, pinioni haielekei katikati ya krauni. Imewekwa pembeni kidogo, kwa hiyo meno yanapokutana yanateleza na kusuguana kwa nguvu kubwa. Oili ya kawaida ingekamuliwa ikatoka. Ndiyo maana ya difu huwekewa viambata vya salfa na fosforasi vinavyojenga utando juu ya chuma pale mgandamizo unapozidi, na harufu ile inayogoma kutoka mikononi ni ya hiyo salfa. Viambata hivyo vinachoka. Tena difu kwa kawaida haina filta: kila chembe inayokwanguka inabaki mle mle ikizunguka na meno, mpaka mtu aimwage.

Wapo watakaokuambia oili hiyo ni ya maisha. Maisha ya nani? Gari likishauzwa mara ya pili au ya tatu, anayebeba gharama ni wewe. ZF, Wajerumani wanaotengeneza giaboksi za otomatiki za magari mengi, wao wenyewe wanapendekeza oili ya giaboksi hizo ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, hata pale kitabu cha gari kinapodai haibadilishwi. Mimi upande wa difu siendi zaidi ya 60,000, na gari likivuta tela au kubeba mizigo mizito napunguza. Kama gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, mara nyingi difu imo ndani ya giaboksi na oili ni moja. Kama linavuta kote, kumbuka kuna difu mbili na transfa, boksi la gia linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Transfa ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Ukipita kwenye maji marefu, usisubiri kilomita. Difu iliyopata moto ikizama inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kama kipumulio chake kimezibwa na tope, maji yanafyonzwa kupitia kwenye sili. Oili iliyoingiwa na maji inageuka rangi ya maziwa. Ukiona hivyo imwage siku hiyo hiyo, maana beringi zinaanza kula kutu mapema mno.

Aina ya oili soma kwenye kitabu cha gari, usikubali kuambiwa "zote ni sawa". GL-5 na GL-4 ni madaraja ya oili za gia, na GL-5 ni ya difu. Ukiitia kwenye giaboksi ya kawaida inayotaka GL-4, inaweza kuharibu ringi za shaba zinazolainisha uingiaji wa gia. Na difu zenye klachi ndani, zile zinazozuia gurudumu moja lisizunguke bure, nyingi zinahitaji kiambata chao cha ziada, la sivyo zinakoroma kwenye kona.

Jambo moja nakusihi: fungua bolti ya juu ya kujazia kabla hujagusa ya chini. Niliwahi kumwachia mtu akamwaga kwanza, halafu ya juu ikagoma, pembe zake zikalika, na gari likalala juu ya stendi difu ikiwa tupu.

Gari ninaloendesha sasa nilimwaga tena majuzi. Iliyotoka ilikuwa ya kahawia, ingali laini kwenye vidole. Kwenye sumaku palikuwa na utepetepe wa kijivu, laini kama majivu yaliyoloweshwa, hakuna hata punje ngumu. Huo ni uchakavu wa kawaida. Nikaifuta kwa kitambaa, nikabadilisha washa ya bolti, nikajaza taratibu gari likiwa limekaa sawa, mpaka oili mpya ilipoanza kuchuruzika yenyewe kwenye mdomo wa tundu la juu.