Nibu Iliyochongwa Upya: Kosa la Ncha au la Wino?
Nibu ya dhahabu ya karati 14 ya kalamu yangu ya wino, kile kipande cha mbele kinachogusa karatasi, ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa na ncha bapa badala ya ile ya mviringo, na mistari mitano ya kwanza iliandikika vizuri kiasi cha kunisahaulisha gharama. Mstari wa sita ulianza kupauka. Kufikia katikati ya ukurasa herufi zilikuwa zikikosa vichwa, nami nikamlaumu fundi.

Lawama hiyo haikosi msingi. Ncha ya nibu ni punje ya aloi ngumu iliyounganishwa kwenye dhahabu au chuma cha pua, na kilichosagwa hapo hakirudi. Fundi akizidisha kusugua ili nibu iteleze, kingo za ndani za ule ufa unaogawa meno mawili ya nibu huviringika, wino ukabaki umejificha ndani kidogo tu ya ncha, usiguse karatasi mpaka mwandishi akandamize. Ndiyo maana nibu inayoteleza kuliko zote mkononi yaweza kuwa ndiyo inayoruka mwanzo wa kila herufi, na kwa macho matupu huwezi kuligundua kosa hilo. Lenzi ya kukuza mara 10 ndiyo inayolifichua.

Wanaomtetea fundi, kwa upande wao, huelekeza kidole chini ya nibu. Tangu Lewis Waterman, mtengenezaji wa kalamu wa Marekani, apate hataza yake ya kalamu ya wino mwaka 1884, kanuni ni ileile: wino hushuka kwa mifereji myembamba, na hewa hupanda kujaza nafasi yake. Mifereji hiyo ilikadiriwa kwa ncha ya awali. Ncha bapa huacha mstari mpana, na mstari mpana hunywa wino zaidi kwa kila sentimita, kwa hiyo mfereji uliotosha jana leo unapungukiwa ingawa hakuna aliyeugusa.

Ili kuamua kati ya hoja hizi mbili, niliichomoa katriji (kile kibomba kidogo cha wino), nikaisafisha nibu, nikaichovya kwenye wino ili iandike bila kutegemea mifereji, na kuchora namba nane zilizoungana, safu baada ya safu. (Neno kalamu lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, likimaanisha utete uliochongwa ncha, na mwandishi wa utete hakuwa na mgogoro huu, kwani kila baada ya maneno machache alichovya tena.) Kipimo hiki nacho kina mtego: nibu iliyotoka kuchovywa imelowa mno, na wino mwingi hufunika hata kingo zilizoviringwa vibaya. Safu za kutazama ni zile za mwisho, wino unapokaribia kwisha. Nane zangu ziliendelea kuanza pale nilipogusa karatasi mpaka wino ulipokatika kabisa, na hapo nikalazimika kuiondoa lawama niliyomtwika fundi.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaotaka kila nibu ifunguliwe ili wino umwagike. Wino ni kilainishi. Ukizidi, hata ncha yenye makwaruzo huonekana laini, na kwenye karatasi ya daftari la shule husambaa pembeni hadi mstari mwembamba wa mlalo unakuwa mnene sawa na ule wa kushuka. Tofauti hiyo ya unene ndiyo iliyolipiwa. Kwa sababu hiyo naona jaribio la haki lianze na wino mkavu, yaani unaotiririka kwa uchache, kama Pelikan 4001, kwenye karatasi ya kawaida, kabla ya kuhamia wino unaotiririka kwa wingi kama Pilot Iroshizuku. Anayeanza na huo wa pili ataisifu karibu nibu yoyote.

Ukurasa mzima pia una uzito kuliko sahihi tatu za kujaribia, kwa kuwa mfereji usiotosha hujificha katika mistari michache, kama ulivyojificha kwangu.

Nilichofanya hatimaye kilikuwa kidogo. Niliosha mifereji kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha nikapitisha bati jembamba la shaba katika ufa mara mbili, kwa uangalifu, maana ufa ukipanuka hadi nchani nguvu inayouvuta wino hupotea. Kwa wino mkavu sasa naandika kurasa mbili bila kukatika, na kidaraja cha herufi t bado ni chembamba kuliko mguu wake. Kwa ule mwingine vinakaribia kulingana, na sijaigusa tena.