Hadithi za hatari katika mchezo wa kuendesha kampuni ya mieleka

Total Extreme Wrestling, mchezo wa kompyuta uliobuniwa na Mwingereza Adam Ryland, haumpi mchezaji nafasi ya kupigana ulingoni. Unampa ofisi. Humo anaajiri wanamieleka, anapanga mapambano, anatunga hadithi za uhasama kati yao, kisha anangoja kuona onyesho limepata alama gani. Swali linalowagawa wachezaji wake, wakiwemo vijana wa hapa Mombasa waliokua wakitazama mieleka kwenye televisheni, ni kama inafaa kutumia hadithi za hatari, yaani zile zinazochezea dini, msiba, ngono au chuki baina ya mataifa.

Mchezo wenyewe haukatazi. Kila kampuni ina mtindo wake wa maonyesho, na mtindo huo ndio unaoamua mashabiki watastahimili hatari kiasi gani. Kituo cha televisheni nacho kina mpaka wake, na anayeuvuka hujitafutia matatizo. Mpangilio huo una ukweli mkubwa ndani yake, kwani kisa kinachoshangiliwa katika ukumbi mdogo kinaweza kuiangusha kampuni inayotazamwa na familia nzima sebuleni. Hata hivyo, ukumbi mdogo nao una kikomo. Tarehe 26 Oktoba 1996, mashabiki wa ECW, kampuni ndogo ya mieleka mjini Philadelphia, waliozoea damu na waya wa miba, walinyamaza walipomwona mwanamieleka Sandman akifungwa msalabani na hasimu wake Raven, na usiku uleule Raven akalazimika kurudi mbele yao kuomba radhi.

Wanaozitetea hadithi hizi wana hoja nzito, na historia iko upande wao. Kwa wiki 83 mfululizo kipindi cha kampuni ya mieleka ya WCW kiliishinda kampuni pinzani, WWF, kwa watazamaji nchini Marekani, mpaka tarehe 13 Aprili 1998, usiku ambao mwanamieleka wa WWF, Steve Austin, alitangazwa kupambana na mwajiri wake, Vince McMahon. Uhasama huo ulipata nguvu kutokana na jambo la kweli: mnamo Novemba 1997, mjini Montreal, McMahon aliamuru kengele ipigwe ili bingwa wa kampuni yake, Bret Hart, apokonywe ubingwa bila kujua, na chuki ya mashabiki iliyofuata akaigeuza kuwa hadithi. Msimamizi anayekwepa kila kitu chenye makali huishia kuwa na kampuni isiyomuudhi mtu na isiyotazamwa na mtu.

Lakini tuangalie hatari ile ilimwangukia nani. Jina lililowekwa rehani lilikuwa la McMahon mwenyewe, tajiri na mwenye kampuni, ambaye angeweza kubeba matokeo yake. Hapo ndipo ninapoona tofauti ambayo alama za mchezo haziioni, na mfano ulio karibu zaidi nasi ni ule wa Muhammad Hassan, mhusika wa kampuni hiyohiyo ya McMahon.

Mhusika huyo, aliyeigizwa na Mark Copani, Mmarekani mwenye asili ya Italia, alianza na malalamiko ya haki kabisa, kwamba Waarabu wa Marekani walikuwa wakitazamwa kwa jicho la shaka baada ya Septemba 11. Sisi tulioishi Mombasa baada ya shambulio la hoteli ya Paradise kule Kikambala, Novemba 2002, tunayajua malalamiko hayo bila kuelezwa. Waandishi wangeweza kuyaacha yafanye kazi yake. Badala yake, katika kipindi kilichorekodiwa tarehe 4 Julai 2005, Hassan alipiga magoti kana kwamba anasali, na wanaume waliofunika nyuso wakatokea na kumkaba mwanamieleka Undertaker kwa waya. Kipindi kilirushwa Marekani tarehe 7 Julai, siku ileile mabomu yalipolipuka London. Kituo cha televisheni cha UPN, kilichokirusha, kilitaka mhusika huyo asionekane tena katika vipindi vyake, na hadithi ikafa kabla mwezi haujaisha.

Ni rahisi kusema kosa lilikuwa la tarehe tu. Mimi sikubali. Hata kama London ingelala salama siku ile, sala ingekuwa imekwisha kuonyeshwa kama ishara ya kuwaita wauaji, na Waislamu walioathirika wasingekuwa na kauli yoyote katika biashara ile.

Mtetezi atajibu kwamba mchezo huja na ulimwengu wa kubuni, kwamba mchezaji yuko peke yake chumbani na hakuna anayeumia. Hoja hiyo naipokea kwa ulimwengu wa kubuni. Hainitoshi pale mchezaji anapopakia data zilizoandaliwa na mashabiki, zenye majina ya watu walio hai, kisha akarudia hadithi kama ile kwa sababu tu mtindo wa kampuni unairuhusu. Mchezo huhesabu hatari kwa kiwango. Hauulizi ni ya nani. Kwa hiyo kazi ya kuuliza ni ya mchezaji, na ningependa aifanye kabla ya kutunga hadithi, si baada ya alama kutoka.

Copani aliachishwa kazi Septemba 2005, akiwa na umri wa miaka 23. Msimamizi wa kwenye kompyuta angempa jina jipya na kumrudisha ulingoni onyesho lililofuata.